Vigae vya Mwerezi: Historia ya Kuta za Mbao Katika Marekani

Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kutoka Long Island hadi Maine, zimesimama nyumba nyingi ambazo kuta zake hazikupigwa lipu wala hazikupakwa rangi, bali zimevikwa vipande vyembamba vya mbao ya mwerezi, vikapangwa safu juu ya safu kama magamba ya samaki, na jua na chumvi ya bahari vikavigeuza kutoka hudhurungi hafifu kuwa kijivu cha fedha. Kila kipande aghalabu kina urefu wa sentimita 40 hivi, ni chembamba upande wa juu na kinene upande wa chini, na zaidi ya nusu yake imefichwa nyuma ya safu iliyo juu yake. Kwa hiyo tone la mvua linaloangukia ukutani hupokelewa na kigae hiki, likakabidhiwa kile, mpaka lifike ardhini pasipo kupata mahali pa kukaa. Hapo ndipo ilipo hekima yote ya ufundi huu, na hekima hiyo haikubadilika sana kwa muda wa miaka zaidi ya 300. Kilichobadilika, tena mara nyingi, ni mahali ulikotoka mti, mikono iliyoukata, na watu waliobeba gharama ambayo mwenye nyumba hakuandikiwa katika hesabu yake. Historia ya kigae cha mwerezi ni historia ya bei nafuu, na ya wale walioilipia.

Majilio ya walowezi, 1620–1700

Waingereza waliofika Plymouth mwaka 1620, na wenzao walioanzisha Boston mwaka 1630, walitoka katika nchi ya mapaa ya nyasi, ya kuta za udongo uliokandikwa baina ya nguzo, na ya vigae vilivyochomwa tanurini. Walitaka kuendelea na desturi hizo, lakini nchi mpya haikuwaitikia. Baridi ilikuwa kali kuliko waliyoizoea. Maji yaliyopenya katika udongo wa kuta yaliganda, yakatanuka na kuupasua, kisha mvua iliyosukumwa na upepo wa bahari ikaumaliza. Nyasi za paa nazo zilikuwa hatari kubwa zaidi, maana dohani zao za kwanza zilijengwa kwa mbao na kukandikwa udongo, na cheche moja ilitosha kuteketeza nyumba. Mwaka 1631, moto ulipokwisha kula nyumba kadhaa, wakuu wa Boston walipiga marufuku mapaa ya nyasi na dohani za mbao. Chokaa ilikuwa adimu, waashi na tanuri vilikuwa haba, ilhali msitu ulianza nyuma ya ua wa kila mtu. Basi walowezi wakaugeukia msitu.

Mti uliowafaa kuliko yote ulimea ndani ya vinamasi vya pwani. Mwerezi mweupe wa Atlantiki ni mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, na kiini chake kina mafuta ya asili yanayouchelewesha kuoza hata ukikaa katika unyevu daima. Fundi alikata gogo vipande vifupi, akasimamisha kipande juu ya kigogo, akaweka juu yake chuma kirefu chenye makali na mpini uliosimama wima, akakipiga kwa nyundo ya mti. Mbao ikaachana kwa kufuata nyuzi zake zenyewe. Kisha aliketi juu ya benchi lenye kibano cha kukanyagwa kwa mguu, akauvuta kwake ule ubao mwembamba kwa kisu chenye mipini miwili, mpaka upande mmoja ukawa mwembamba kama ilivyotakikana. Kazi hii ilifanywa sana wakati wa baridi, mashamba yalipolala. Ubora wake ulikuwa na sababu iliyo dhahiri: ubao uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi hauna nyuzi zilizokatwa usoni, na pasipo nyuzi zilizokatwa maji hayapati mlango mwepesi wa kuingia.

Katika kisiwa cha Nantucket ingali imesimama nyumba ya Jethro Coffin, iliyojengwa mwaka 1686. Katika kisiwa hicho na sehemu nyingine za pwani ilizoeleka baadaye kwamba uso wa nyumba unaotazama njia uvikwe mbao ndefu za ulalo na kupakwa rangi, na ubavuni na nyuma vipigiliwe vigae vitupu. Haikuwa sanaa bali hesabu: rangi ilikuwa ghali na ilidai kurudiwa, ilhali mwerezi uliweza kuachiwa jua na mvua bila kupakwa kitu. Kwa hiyo kigae kilianza maisha yake kwa unyonge, kama vazi la upande ambao mgeni hauoni.

Vinamasi vya kusini, 1748–1860

Mwaka 1748 mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Pehr Kalm, alifika Philadelphia, na katika safari zake akaona jinsi miji ya pwani ilivyojiezeka kwa mwerezi mweupe, na jinsi vinamasi vya New Jersey vilivyokuwa vikimalizwa bila mtu kupanda hata mche mmoja. Alionya kwamba watu wamejenga kuta nyembamba kwa kutegemea wepesi wa mwerezi, na kwamba siku mti utakapokwisha, kuta hizo hazitaweza kubeba vigae vizito vya udongo. Onyo lake halikuzuia shoka. Karibu na Dennisville, katika New Jersey hiyo hiyo, watu wa karne ya 19 walifika hata kuchimba magogo ya mierezi ya zamani yaliyozama katika matope, wakayatoa yakiwa bado mazima, wakayafanya vigae.

Mahitaji yalipozidi mavuno ya kaskazini, biashara ilishuka kusini, hata kufika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Great Dismal Swamp, mpakani mwa Virginia na North Carolina. Mwaka 1763 George Washington na wenzake waliunda kampuni kwa nia ya kukikausha kinamasi hicho na kukifanya mashamba. Mashamba hayakufanikiwa kama walivyotumaini. Kilicholeta fedha ni vigae. Mfereji ulioanza kuchimbwa mwaka 1793 kwa mikono ya watumwa ulifunguliwa mwaka 1805, na vigae vikapata njia ya maji kufika bandarini, na kutoka hapo kwenda miji ya mbali.

Waliovikata ni watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mwandishi Frederick Law Olmsted, ambaye kitabu chake juu ya majimbo ya utumwa kilitoka mwaka 1856, alieleza kwamba watu hao walikaa vinamasini kwa miezi katika vibanda, walipangiwa idadi ya vigae, na waliozidisha idadi hiyo walipata malipo kidogo kwa ziada. Vigae vilitolewa kwa mikokoteni ya nyumbu juu ya njia iliyotandikwa magogo. Ndani zaidi, mahali ambapo mbwa wa wawindaji walishindwa kufuata harufu, waliishi watoro, na baadhi yao waliwasaidia watumwa wakata vigae wakapata chakula na nguo kwa ujira. Yamkini hakuna mahali ambapo hesabu ya kigae ilikuwa na kinaya zaidi: mtu aliyekimbia utumwa alijificha kwa kufanya kazi ile ile ya watumwa, na kigae chake kilipofika sokoni hakikuwa na alama ya kukitenga na vingine.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba mambo haya yapo mbali nasi. Katika miaka hiyo hiyo marikebu za Salem, mji wa nyumba za mbao katika Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja akiwa balozi mdogo wa nchi yake. Wafanya biashara wa Salem walileta merikani, ambayo pamba yake ilitoka katika mashamba ya watumwa wa kusini. Wakachukua pembe za ndovu, na sandarusi iliyosafishwa Salem ikapikwa vanishi ya kung'arisha mbao. Matajiri wale wale waliowavika watu wa bara la Afrika walirudi kulala katika nyumba zilizovikwa mti.

Mashine na fahari ya wenye mali, 1790–1887

Mabadiliko mawili yaliufanya ukuta wa vigae uwe wa kila mtu. La kwanza ni msumari. Hadi mwisho wa karne ya 18 msumari ulifuliwa mmoja mmoja na mhunzi. Mashine za kukata misumari zilipokuja, bei yake ilianguka, na ukuta unaohitaji maelfu ya misumari haukuwa tena mzigo. La pili ni msumeno wa duara, uliotoa vigae sawasawa kwa wepesi ambao fundi wa kisu hakuweza kuuota. Kigae cha msumeno kilikuwa laini na rahisi kupanga, ingawa jino la chuma lilikata nyuzi bila kujali zinakokwenda. Kwa hiyo uchaguzi wa mbao yenyewe, yaani kiini kitupu kisicho na fundo, na nyuzi zilizosimama wima, ukawa jambo la lazima kuliko zamani.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, matajiri wa miji mikubwa walianza kujenga nyumba za kiangazi kando ya bahari. Maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, yaliyoadhimisha miaka 100 ya uhuru, yaliamsha shauku ya mambo ya kale, na mwaka 1877 wasanifu Charles McKim, William Mead na Stanford White, pamoja na mwenzao Bigelow, walizunguka miji ya Salem, Marblehead, Newburyport na Portsmouth wakitazama majengo ya mababu. Henry Hobson Richardson alikuwa amekwisha kutumia vigae vya mbao katika kuta za juu za nyumba ya Watts Sherman huko Newport, na nyumba ya Stoughton aliyoisanifu Cambridge, iliyojengwa mwaka 1882 na 1883, aliivika vigae mwili mzima. Mwaka 1887 McKim, Mead na White walikamilisha nyumba ya William Low huko Bristol, Rhode Island, yenye paa moja kubwa la pembetatu lililoikumbatia nyumba yote.

Wasanifu hao waligundua jambo ambalo maskini wa Nantucket alilijua bila kulisema: kwamba vipande vidogo huweza kufuata umbo lolote, vikazunguka mnara, vikakunja kona bila ubao wa pembeni, na kuifanya nyumba ionekane imevikwa ngozi moja. Vazi la nyuma likawa vazi la fahari. Mwanahistoria Vincent Scully aliupa mtindo huo jina la vigae katika kitabu chake cha mwaka 1955, lakini sifa za vitabuni hazikuiokoa nyumba ya Low, ambayo ilibomolewa mwaka 1962.

Misitu ya magharibi, 1883–1916

Fahari hiyo isingeenea kama si reli. Mwaka 1883 njia ya Northern Pacific iliunganisha pwani ya Pasifiki na mashariki, na mwaka 1893 Great Northern ikafika Seattle. Na mwishoni mwa reli hizo ulikuwapo mwerezi mwekundu wa magharibi, mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka 1,000 na kuwa na upana wa mita kadhaa shinani. Wenyeji wa pwani hiyo, kama vile Wahaida, walikuwa wameujua mti huo kwa dahari. Waliuchonga mitumbwi, walisuka magome yake, na waliweza kubandua mbao kutoka mti uliosimama wakauacha uendelee kuishi. Wenye viwanda hawakuwa na subira hiyo. Ballard, karibu na Seattle, na Everett, upande wa kaskazini, ikawa miji ya vigae, na mwerezi mwekundu ukapakiwa katika mabehewa kwenda kuvika nyumba za nchi nzima, hata zile za mashariki ambako mwerezi mweupe ulikuwa umepungua.

Mashine iliyotumika huko iliweka mtu baina ya misumeno miwili, mmoja wa kukata kigae kutoka gogoni na mwingine wa kunyoosha kingo zake, na mikono ya mtu huyo ilipita karibu na meno ya chuma maelfu ya mara kwa siku. Vidole vilivyokosekana vilikuwa kitambulisho cha kazi, na vumbi la mwerezi liliwaletea wengi ugonjwa wa pumu. Wakata vigae wakaunda chama chao, na mwezi wa Mei 1916 wale wa Everett waligoma, maana wenye viwanda walipunguza mishahara bei zilipokuwa chini, na bei zilipopanda hawakuirudisha. Chama kingine cha wafanyakazi, kilichojulikana kwa ujasiri wa kuhutubia barabarani, kikaingia upande wao. Tarehe 5 Novemba 1916 meli ndogo iitwayo Verona, iliyobeba wanachama wapatao 250 kutoka Seattle, ilipokelewa gatini Everett na mkuu wa polisi wa wilaya na raia wenye silaha. Risasi zikalia, na watu wasiopungua 7 wakauawa, watano wa melini na wawili wa gatini. Watu 74 wa melini walishitakiwa. Wa kwanza kuhukumiwa, Thomas Tracy, alionekana hana hatia mwaka 1917, na wenzake wakaachiliwa. Kigae kilikuwa rahisi Boston kwa sababu kilikuwa ghali Everett.

Moto na sheria, 1914–1961

Deni lingine lililipwa na miji. Kigae kikavu juu ya paa, kikishika moto, hung'oka na kuruka na upepo, kikapeleka mwali mtaa wa pili kabla wazimamoto hawajafika wa kwanza. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulioanzia katika kiwanda cha ngozi uliunguza majengo zaidi ya 1,300 ya Salem, ule mji wa wafanya biashara wa Unguja, na watu wapatao 20,000 wakakosa makazi. Mwaka 1923 Berkeley katika California ilipoteza majengo yapatayo 600 kwa moto ulioshuka kutoka milimani, na mwaka 1961 mtaa wa Bel Air mjini Los Angeles ukaungua vivyo hivyo.

Makampuni ya bima yalidai sheria, na miji mmoja baada ya mwingine ikayakataza mapaa ya mwerezi au kuyabana, hali kiwanda cha vigae vya lami kilikuwa tayari kutoa mbadala. Lakini ukuta uliachwa zaidi, kwa kuwa cheche huanguka juu ya paa na hazitulii ubavuni kwa wepesi. Ndiyo sababu kigae kilichozaliwa kuwa kifuniko cha nyumba kimebaki, mahali pengi, kuwa vazi la kuta peke yake. Hata hapo kilipata washindani: baada ya vita vya pili vya dunia wachuuzi walipita nyumba kwa nyumba wakiuza mabamba ya saruji na asbesto, ya alumini, kisha ya plastiki, yote yakisifiwa kwamba hayahitaji matunzo, na mierezi mingi ikafunikwa ingali mizima. Nantucket ilikataa njia hiyo. Utajiri wa nyangumi ulipokwisha katika karne ya 19 kisiwa hakikuwa na fedha za kubomoa nyumba zake za kale, na mwaka 1955 kiliwekewa mipaka ya hifadhi ili zisibomolewe hata fedha zilipokuja.

Ukuta unaohema, kutoka miaka ya 1970

Nyumba ya zamani ilipitisha upepo. Nyuma ya vigae vyake palikuwa na mbao zenye mianya, na ndani ya ukuta hapakuwa na kitu; maji yaliyojipenyeza yalikauka kwa mbele na kwa nyuma. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, watu walijaza kuta zao sufi ya kuzuia baridi, wakaziba kila upenyo, na joto lililokuwa likikausha mbao likabaki chumbani. Rangi ikabanduka, vigae vikajikunja, na kuta zilizodumu karne zikaanza kuoza kwa ndani. Mafundi wakajifunza upya jambo ambalo mababu walilipata bila kulitafuta, nalo ni kwamba kuzuia maji ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kuyaacha yatoke. Siku hizi fundi mwangalifu hutandika karatasi ya kuzuia maji, akapigilia fito au wavu mgumu unaoacha nafasi ya milimita 6 hadi 10, ndipo akaweka vigae, na kwa hiyo hewa hupanda nyuma yake.

Kanuni nyingine ni zile za kale. Safu ya kwanza huwekwa maradufu. Baina ya kigae na jirani yake huachwa mwanya wa milimita 3 hadi 6, kwa kuwa mbao huvimba kwa unyevu, na vigae vilivyobanana husukumana vikatuna. Mwanya wa safu moja hauruhusiwi kukaa juu ya mwanya wa safu ya chini. Sharti upishane nao kwa sentimita 4 au zaidi. Kila kigae hupewa misumari miwili tu, karibu na kingo zake, mahali ambapo safu ya juu itaifunika, na msumari hugongwa mpaka uguse mbao bila kuidhoofisha. Chuma kitupu hakifai, maana asidi za mwerezi hukila na kuacha michirizi myeusi. Hutumika chuma kilichochovywa zinki, au bora zaidi, kisichoshika kutu. Juu ya madirisha na milango huwekwa bati la kukinga maji, kwani kuta nyingi haziharibiwi na vigae bali na maungio.

Matunzo yake hayana makuu, ila hayasahauliki bila adhabu. Vichaka hukatwa visiuguse ukuta, mifereji ya paa husafishwa, safu ya chini huwekwa mbali na udongo, na kuvu huoshwa kwa brashi laini, kwa kuwa maji ya shindo kubwa huchimbua nyuzi. Ukuta wa kusini, unaopigwa na jua zaidi katika nchi hizo, huchakaa mbele ya ule wa kaskazini, na mwenye nyumba mwenye busara hubadilisha upande mmoja kwa wakati wake. Kigae kimoja kikipasuka, fundi hukichana kwa patasi, huingiza jino la msumeno mwembamba nyuma ya safu ya juu akakata misumari iliyofichika, kisha husukuma kigae kipya kikisaza milimita chache kufika mahali pake, akapigilia misumari ya mshazari ukingoni mwa safu iliyo juu, na kukigonga kwa chini mpaka misumari ijifiche.

Leo mierezi mikubwa ya magharibi imepungua, iliyobaki mingi inalindwa, na ile michanga ina kiini haba na fundo nyingi kuliko iliyotangulia. Kigae kilicho safi kimekuwa ghali, na fundi anayejua kukipanga ni ghali vile vile. Wengi hulilalamikia jambo hilo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu vinamasi vya Virginia, sehemu kubwa ya gharama ya ukuta huu inamfikia mtu anayelala nyuma yake, na mtu aliyelipa gharama yake mwenyewe ana sababu ya kuutunza.